Furu na Ngege: Historia ya Uchotara katika Ziwa Victoria

Ziwa Victoria ni pana sana, lakini halina kina kirefu. Eneo lake ni karibu kilomita za mraba 68,800. Karibu nusu iko Tanzania, sehemu iliyo pungufu kidogo ya hiyo iko Uganda, na asilimia 6 iko Kenya. Hata hivyo, mahali penye kina kikubwa kabisa hapazidi sana mita 80. Hali hiyo inatokana na namna ziwa lilivyozaliwa. Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa yamo ndani ya Bonde la Ufa, na umri wake huhesabiwa kwa mamilioni ya miaka. Ziwa Victoria limekaa kwenye uwanda ulio kati ya mikono miwili ya bonde hilo. Karibu miaka 400,000 iliyopita ardhi ya upande wa magharibi iliinuka taratibu, na mito kama Kagera na Katonga, ambayo ilikuwa ikitiririka kuelekea magharibi, ikazuiwa njia. Maji yakarudi nyuma na kutuama uwandani.

Katika maji hayo wanaishi samaki wadogo ambao wavuvi wa upande wa Tanzania huwaita furu, na Waluo huwaita fulu. Mnunuzi wa sokoni huwaona ni samaki wa aina moja, wenye miiba mingi na nyama kidogo. Wanabiolojia wamehesabu miongoni mwao spishi zipatazo 500, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Wapo wanaokwangua mwani kwenye miamba, wapo wanaoponda konokono kwa taya la pili lililo kooni, wapo wanaokula vijidudu vinavyoelea majini, na wapo wanaowinda samaki wenzao. Kuna hata wanaoishi kwa kuwavamia majike wa furu wengine, ambao hubeba mayai na watoto mdomoni, na kuwalazimisha wawateme ili wawale. Meno, taya na umbo la kichwa hufuata aina ya chakula. Sehemu nyingine za mwili hazitofautiani sana kati ya spishi moja na nyingine, jambo linaloonyesha kwamba wote ni ndugu wa karibu.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba utajiri huo wa spishi ulihitaji mamia ya maelfu ya miaka kujengeka. Mwaka 1996 mwanajiolojia Thomas Johnson na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa tope lililotolewa sakafuni mwa ziwa. Chini ya tope laini walikuta tabaka la udongo mgumu lililokauka juani, lenye masalia ya mizizi ya majani. Kumbe mwishoni mwa zama za barafu, mvua zilipopungua kwa muda mrefu, ziwa lilikauka, na mahali ambapo leo pana kina kirefu kabisa palikuwa mbuga. Maji yalirejea kati ya miaka 16,000 na 14,000 iliyopita. Kama ni hivyo, basi furu wote wanaoishi humo leo wamepata maumbo yao katika kipindi kifupi mno kwa hesabu za mageuzi. Kasi ya namna hiyo haijulikani kwa kundi jingine lolote la wanyama wenye uti wa mgongo.

Baadhi ya wanabiolojia hawakukubali. Walisema huenda yalibaki madimbwi ambamo mamia ya spishi yalijificha, kwa kuwa mabadiliko ya vinasaba yanayotokea yenyewe kizazi baada ya kizazi ni machache mno kuzaa spishi 500 kwa muda huo. Hoja yao ilikuwa na uzito. Jeni mpya zenye manufaa hazitokei kila siku, na samaki mmoja wa mtoni, peke yake, asingeweza kuwa na akiba ya tofauti za kutosha kuzaa mla mwani, mponda konokono na mwindaji kwa pamoja.

Jibu lilipatikana katika uchotara. Mwaka 2017 Joana Meier, Ole Seehausen na wenzao walichapisha uchambuzi wa vinasaba vya furu wa Ziwa Victoria na vya jamaa zao wa Kivu, Edward na maziwa mengine ya ukanda huo. Walionyesha kwamba wote wametokana na mchanganyiko wa koo mbili za samaki wa mtoni. Ukoo mmoja ulitoka upande wa Kongo, na mwingine ulitoka upande wa Nile ya juu. Koo hizo zilikuwa zimetengana kwa zaidi ya miaka milioni moja, na kila moja ilikuwa imekusanya jeni zake. Karibu miaka 150,000 iliyopita mabadiliko ya mito yalizikutanisha, zikazaana, na machotara waliozaliwa wakawa na akiba kubwa ya tofauti kuliko mzazi yeyote. Jeni moja ina umuhimu wa pekee katika historia hii. Ni ile inayotengeneza kipokezi cha mwanga mwekundu ndani ya jicho. Ukoo mmoja ulileta aina inayofaa maji maangavu ya juu, na mwingine ukaleta aina inayofaa maji ya kina au yenye tope. Watoto wa machotara walirithi zote mbili, na makundi yao yakaweza kugawana ziwa kwa kadiri ya mwanga.

Ziwa lilipojaa tena baada ya ukame, wazao wa machotara hao waliosalia katika mito na maziwa jirani waliingia na kuchanganyika upya kabla ya kuanza kugawanyika. Uchunguzi mwingine uliochapishwa mwaka 2023, uliofanywa kwa kukusanya maelfu ya meno na masalia mengine ya samaki kutoka kwenye tope la ziwa, ulithibitisha kwamba furu hawakufika peke yao. Kambare na jamaa za ningu walikuwapo tangu mwanzo, wakiwa na nafasi zilezile mbele yao. Wao hawakugawanyika katika mamia ya spishi. Hivyo nafasi tupu haitoshi kueleza kilichotokea. Ilihitaji pia samaki mwenye urithi mchanganyiko na mwenye kuchagua mwenzi kwa macho.

Namna ya kuchagua mwenzi ndiyo inayoeleza jinsi ndugu hao wanavyoishi jirani bila kurudi kuwa kitu kimoja. Mfano uliochunguzwa zaidi unatoka Ghuba ya Mwanza na visiwa vilivyo karibu nayo, kwenye kingo za mawe makubwa ya granaiti. Huko wanaishi furu wawili wa jenasi ya Pundamilia. Mmoja ni Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake ni la rangi ya samawati. Wa pili ni Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1985, ambaye dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa manjano. Majike wa spishi zote mbili ni wa rangi ya udongo, na ni vigumu kuwatofautisha. Wa samawati hukaa zaidi kwenye maji ya juu karibu na ufuko. Mwekundu hukaa chini kidogo, ambako mwanga wa samawati haufiki vizuri na ule mwekundu ndio unaotawala. Macho ya kila mmoja yameelekea mwanga wa mahali pake, kwa hiyo jike wa kina huliona dume jekundu kwa urahisi, na jike wa juu huliona la samawati.

Seehausen na Jacques van Alphen waliwapima samaki hao katika matangi. Chini ya mwanga wa kawaida majike walichagua madume wa spishi yao. Taa ilipobadilishwa ikawa ya rangi moja, tofauti ya rangi za madume ikapotea, na majike wakaacha kubagua. Machotara waliozaliwa walikuwa na afya na waliweza kuzaa. Maana yake ni kwamba ukuta unaotenganisha spishi hizi mbili haumo tumboni mwao. Umo katika maji wanayoishi na katika uangavu wake.

Hayo hayakuishia kwenye matangi. Kisiwa cha Makobe kiko nje ya ghuba, kwenye maji maangavu, na huko spishi hizi mbili zimetengana vizuri. Kadiri mtu anavyoingia ndani ya ghuba ndivyo maji yanavyozidi kuwa na tope. Kwenye Kisiwa cha Luanso, ambako hali ni mbaya zaidi, kuna kundi moja tu lenye madume wa kila rangi baina ya samawati na wekundu. Katikati ya ncha hizo mbili kuna visiwa vya Python na Kissenda, navyo vina historia ya kustaajabisha. Vinasaba vinaonyesha kwamba samaki wa samawati ndiye aliyetangulia kukaa huko, kisha wekundu wakafika na kuzaana naye. Baada ya mchanganyiko huo kundi likagawanyika tena, likatoa jozi mpya ya samawati na wekundu inayofanana na ile ya Makobe. Kilichotokea kwa koo za Kongo na Nile kilijirudia hapo kwa kipimo kidogo.

Historia ya binadamu katika uvuvi wa ziwa hili ilimhusu zaidi samaki mwingine. Kabla ya karne ya 20 wavuvi wa kandokando walitumia migono, mitego ya mafunjo, ndoana na mishale, na waliwavua ningu wakati wa mvua walipopanda mito kwenda kutaga. Kitoweo kilichothaminiwa kuliko vyote kilikuwa ngege, Oreochromis esculentus, perege mkubwa wa kahawia aliyekula mwani mdogo unaoelea. Ndugu yake mbiru, Oreochromis variabilis, alikaa karibu zaidi na ufuko. Wawili hao waliishi ziwa moja bila kuvurugana. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na mwaka 1905 nyavu za makila zikaingizwa katika Ghuba ya Kavirondo. Soko la Nairobi likawa karibu, na ngege wakapungua haraka. Serikali za kikoloni zikamtuma Michael Graham mwaka 1927 na 1928 kuchunguza hali ya uvuvi. Ndiye aliyempa ngege jina lake la kisayansi, na ndiye aliyependekeza nyavu zenye macho ya chini ya inchi 5 zipigwe marufuku. Sheria ilitungwa mwaka 1933, lakini ilisimamiwa kwa ulegevu na hatimaye ikaachwa katika miaka ya 1950.

Kituo cha utafiti wa uvuvi wa Afrika Mashariki kilifunguliwa Jinja mwaka 1947. Wakati huohuo maofisa wa uvuvi walitafuta namna ya kuziba pengo la ngege, na njia waliyoipenda ilikuwa kuleta perege kutoka maji mengine. Katika miaka ya 1950 waliingizwa Oreochromis niloticus, ambaye leo ndiye sato anayejaza masoko, Oreochromis leucostictus, na perege wengine wala majani. Uamuzi huo haukuzua ubishi mkubwa, kwa sababu perege alionekana ni perege. Ni hapo hasa penye kosa. Samaki wageni kabisa kwa wenyeji huwashinda au hushindwa nao. Ndugu wa karibu huweza pia kuzaana nao.

Onyo lilikuwapo Naivasha. Perege wa Mto Athi alipelekwa katika ziwa hilo mwaka 1925 na akastawi. Mwaka 1956 akaongezewa Oreochromis leucostictus. Miaka michache baadaye nyavu zilikuwa zikitoa machotara kwa wingi, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 perege wa Mto Athi alikuwa ametoweka humo. Hakuna aliyemvua mpaka wa mwisho. Alizaana na mwenzake mpaka hapakubaki aliye yeye tu.

Katika Ziwa Victoria sato alikuwa na kila aina ya nafasi ya kushinda. Hukua haraka, hula karibu kila kitu, na huvumilia maji machafu. Madume wake huchimba viota kwenye kina kidogo na kuwafukuza wengine. Jike wa ngege aliyeingia mahali hapo mara nyingi alikutana na dume la sato. Kadiri ngege walivyokuwa wachache kwa sababu ya nyavu ndivyo sehemu kubwa zaidi ya uzazi wao ilivyoishia katika machotara, na machotara wakazaana na sato waliokuwa wengi. Kufikia miaka ya 1970 na 1980 ngege na mbiru walikuwa karibu wametoweka katika ziwa kuu.

Sangara aliingizwa kwa njia nyingine na kwa ubishi mkubwa. Baadhi ya maofisa walitaka mwindaji mkubwa awale furu, waliohesabiwa kuwa takataka, na kuwageuza kuwa nyama yenye thamani. Geoffrey Fryer alipinga hadharani mwaka 1960, akieleza kwamba matokeo yasingeweza kutabirika wala kurekebishwa. Wakati huo sangara alikuwa tayari ameonekana ziwani upande wa Uganda katika miaka ya 1950, na upandikizaji rasmi ulifuata mwaka 1962 na 1963. Samaki huyo hufikia kilo 200. Kwa karibu miaka 20 hakuonyesha makali yake, kisha mwanzo wa miaka ya 1980 akafumuka katika maji ya Kenya, akafuatia upande wa Uganda, na katikati ya muongo huo akaijaza Ghuba ya Mwanza. Furu, ambao miaka ya 1970 walikuwa karibu asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ya ziwa, wakawa sehemu ndogo mno ya mavuno. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden waliokuwa wakifanya kazi Mwanza na wenzao wa Tanzania tangu 1977, wakiongozwa na Frans Witte, walishuhudia spishi zikikoma kuonekana nyavuni mwao mwezi baada ya mwezi. Makadirio yao yalifikia spishi 200 zilizopotea. Nyingi zilikuwa bado hazijapewa jina.

Viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza, Kisumu na Entebbe, mavuno ya sangara yakapita tani 300,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mapanki, yaani vichwa na mifupa inayobaki baada ya minofu kuondolewa, yakabaki chakula cha wenyeji. Habari za biashara hiyo zinafahamika. Kisichosemwa sana ni yaliyotokea kwa maji yenyewe. Mbolea na udongo kutoka mashambani, maji taka ya miji na moshi wa mioto ya nyika vilirutubisha ziwa kupita kiasi, na mwani ukaongezeka. Katika miaka ya 1920 sahani nyeupe ya kupimia uangavu ilionekana hadi kina cha mita 5 hadi 8 katika maji ya wazi. Kufikia miaka ya 1990 haikuonekana kwa kawaida kupita mita 3, na ndani ya ghuba ilipotea mapema zaidi. Mwaka 1997 Seehausen, van Alphen na Witte walionyesha kwamba mahali palipopoteza uangavu, rangi za furu zilififia, spishi zilikuwa chache, na jozi zilizokuwa zimetengana zilianza kuchanganyika. Sangara hakuhitajika kwa hasara hiyo. Miamba ya kina kidogo ilipotezewa spishi na giza peke yake.

Kwa hiyo uchotara uleule ulifanya kazi mbili zinazopingana katika ziwa moja. Zamani ulikutanisha koo mbili zilizotengana kwa muda mrefu, na katika ziwa lenye nafasi nyingi tupu wazao wakatawanyika kila mmoja kwenye kina chake na chakula chake. Katika karne ya 20 ulikutanisha wachache wenyeji na wengi wageni katika maji yaliyokuwa yakifanana kila mahali, na tofauti zikafutika. Anayesema machotara daima ni uharibifu hajasoma historia ya furu, na anayesema maumbile yatajirekebisha hajasoma ya ngege.

Furu wenyewe hawakwisha. Uvuvi mkali ulipowapunguza sangara kuanzia miaka ya 1990, baadhi yao walirudi kwa wingi katika Ghuba ya Mwanza. Miili yao ilikuwa imebadilika. Haplochromis pyrrhocephalus, aliyekuwa akila vijidudu vinavyoelea, sasa alikula pia uduvi na mawindo makubwa zaidi, na mashavu yake yalikuwa yamepanuka. Vyombo vyake vya kupumulia pia vilikuwa vimekua, kwa sababu hewa majini ilikuwa imepungua. Mabadiliko hayo yalionekana ndani ya miongo miwili. Idadi kubwa ya samaki imerejea, ila spishi zilizopotea hazikurejea nayo.

Ngege wa asili wamesalia katika maziwa madogo yaliyozungukwa na vinamasi vya mafunjo, ambako hewa majini ni haba na sangara hawezi kupita. Ziwa Kanyaboli, katika kinamasi cha Yala upande wa Kenya, ni mojawapo. Maziwa ya aina hiyo ni hazina pia kwa furu: Ziwa Nabugabo la Uganda, lililotenganishwa na ziwa kuu na ukingo wa mchanga miaka elfu kadhaa iliyopita, lilikuwa limezaa furu wake watano wa pekee kabla ya sangara kupandikizwa humo. Hata Kanyaboli si salama, kwani uchunguzi wa vinasaba umeonyesha dalili za damu ya sato kwa baadhi ya ngege wake.

Njia ya sato kuingia sasa ni mabwawa ya ufugaji. Uchotara umekuwa chombo halali cha wafugaji tangu mwaka 1960, C. F. Hickling alipogundua huko Malacca kwamba jike la perege wa Msumbiji likipandishwa na dume la perege wa Zanzibar hutoa watoto madume watupu, ambao hawazaani ovyo bwawani na hukua wakubwa. Ndani ya bwawa lililofungwa hakuna ubaya. Shida huanza ukuta unapobomoka wakati wa mafuriko, au vifaranga vinapomwagwa mtoni kwa nia njema. Tayari machotara wa perege wageni na perege wenyeji wamepatikana katika mabonde ya mito ya Tanzania inayoelekea Bahari ya Hindi. Ngege na mbiru wameorodheshwa kimataifa kuwa hatarini kabisa kutoweka. Vifaranga vya sato visipandikizwe Kanyaboli wala katika maziwa mengine ambayo bado yana ngege. Wafugaji wa jirani wapewe perege wa bonde lao.